Wageni wa Goti la Mwanaheri

Wifi yangu Mwanaheri ni mpishi wa shughuli. Ukiozesha, ukimtia mwanao jandoni, ukimsomea hitima marehemu wako, kama unakaa Temeke basi pilau lako kalipika yeye, au limepikwa ovyo. Tangu hajavunja ungo yuko juu ya kigoda mbele ya mafiga, magoti yamemfika kidevuni, uso unaungua na makalio yanapoa. Mtu hakai hivyo maisha yake yote mwili ukamwachia bure. Goti la kushoto lilianza kulalamika wakati wa masika, likaja likavimba, mwisho likapinda kwa nje, hata akitembea utadhani kila hatua anakwepa dimbwi.

Alihangaika sana. Mafuta ya nyonyo, mafuta ya simba, kuumikwa, kuchuliwa na kila mwenye mikono. Mwaka ule uliofuata mvua za Elnino, hospitali moja ya misheni ikapata madaktari bingwa wageni, waje wasaidiane na wa kwetu kubadilisha magoti. Mwanawe Anwar, yule wa bandarini, akamwandikisha. Wakamtoa goti bovu, wakamtia la chuma.

Akaletwa kwangu Tandika, maana kwake Mbagala anakaa peke yake na nyumba ina ngazi mlangoni. Mie ni mke wa mdogo wake, Salumu, na genge langu la nyanya na vitunguu liko hapo hapo barazani, kwa hiyo sitoki. Salumu alikitoboa kiti cha mbao, akakipiga msasa, akakiweka juu ya shimo la choo ili dada yake asichuchumae. Wiki nzima hakuwa na mazungumzo mengine ila ubora wa kile kiti.

Siku ya kuruhusiwa, yule wa mazoezi ya viungo pale hospitali alituweka chini sote wawili. Ni dada mmoja wa Kihaya, anaitwa Felicitas, mwembamba, sauti ya mwalimu wa zamu.

"Bibi, kidonda kitapona chenyewe," akasema. "Goti halitapona lenyewe. Lisipokunjwa sasa hivi linakakamaa, na likishakakamaa huo si mguu tena, ni mchi. Ukikaa kwenye kiti nataka uvute mguu nyuma mpaka kisigino kiingie chini ya kiti. Ukirudi hapa mwezi ujao hakijaingia, daktari itabidi akulaze usingizi tena, tulikunje kwa nguvu."

Mwanaheri ni mtu aliyewahi kumfukuza mwizi kwa mwiko wa pilau. Siku ile nilimwona midomo inamkauka.

"Kulazwa usingizi tena?"

"Ndiyo, bibi. Kwa hiyo dawa ya maumivu unameza kwa saa zake, usingoje uzidiwe. Ukishameza, ikashika, ndipo unafanya mazoezi. Mto usiwekwe chini ya goti hata kama unasikia raha. Weka chini ya kisigino. Na barafu."

Ndani ya teksi, tulipovuka Chang'ombe, akanishika mkono.

"Wifi," akaniambia, "usingizi ule sirudii. Nilikwenda mahali hakuna ndoto, hakuna giza, hakuna nuru. Mungu kanirudisha mara moja. Simjaribu."

"Basi utakunja goti."

"Nitakunja."

Barafu zilikuwepo. Salumu alikuwa amenunua friji lililokuja na meli kutoka Dubai, limetumika huko likachoka ndipo likaletwa kwetu, na mie nagandisha ukwaju kwenye vifuko vya nailoni nawauzia watoto wa shule. Nikawa navifunga vile vifuko ndani ya khanga na kuvilaza juu ya goti la wifi. Mgao wa umeme ukiingia, ukwaju unayeyuka, unavuja, mgonjwa ananuka achari. Lakini uvimbe ulipungua.

Kilichonishinda ni watu.

Walianza mchana ule ule. Kila aliyewahi kula pilau la Mwanaheri alikuja kumtazama, na hao ni nusu ya wilaya. Huyu ana machungwa, huyu uji wa pilipili manga, huyu supu ya kongoro, maana wanasema mfupa huponywa na mfupa. Ilifika mahali mie mwenyewe naota ndoto za kwato. Wanaingia chumbani, wanakaa kitandani, wanakaa chini, na kila mmoja ana shangazi yake aliyekatwa kitu na hakupona.

Na kwetu mgonjwa mwenye adabu analala. Ukimkuta amekaa, utasema kumbe haumwi. Ukimkuta anatembea, utasema katukusanya bure na shughuli zetu. Mwanaheri analijua hilo, kwa hiyo akisikia "hodi" tu anajilaza chali, anavuta shuka, anatoa kile kisauti chembamba ambacho sijawahi kumsikia nacho jikoni. Mgeni naye kwa huruma zake anachukua mto, anamtia chini ya goti.

"Umtoe huo mto, shoga. Umekatazwa."

"Mwenzio anaumwa, mama Shamimu. Muache apumue."

Nautoa. Naitwa nje kuuza fungu la nyanya. Nikirudi, mto umerudi.

Mazoezi yakabaki ya jioni, wageni wakishaondoka. Namkalisha kitini, namwambia vuta. Anavuta kidogo, goti linagoma kama kisu cha kukunja kilichoshika kutu, naye anapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wanajibu.

"Umemeza dawa lakini?"

"Nimemeza."

"Mbona unalia kama hujameza?"

"Wewe umewahi kukatwa goti? Hujawahi. Nyamaza."

Nikawa nanyamaza, si kawaida yangu. Mguu unazidi kukaza, mwezi unasogea.

Nilikuja kuujua ukweli kwa Mzee Polikarpo. Huyu ni jirani yetu, mtu wa Songea, mstaafu wa magereza pale Ukonga, mgongo wake ulikuwa mbovu tangu nimfahamu. Asubuhi moja kaja gengeni kwangu, kasimama wima, anatabasamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Shamimu. Leo nimeinama nimefunga kamba za viatu mwenyewe. Mke wangu kaja kushuhudia."

"Hongera. Umepata dawa?"

"Si ndicho kile kidonge alichonipa Bi Mwanaheri. Kile si vile vya dukani. Unameza na uji, mgongo unalala kama mtoto. Nilikuwa napita nimuulize kama vimebaki."

Nilimpa vitunguu vyake, nikaingia ndani. Chumbani nikamkuta Najat, binti wa nyumba ya nyuma, shavu kalifunga kitambaa, na mkono wa Mwanaheri ndio kwanza unatoka chini ya godoro.

"Wifi, hiyo nini?"

"Nini?"

"Hiyo mkononi."

Akafungua kiganja. Mtu mzima hafichi kitu akishaonekana. "Najat jino linamuua. Hajalala usiku kucha."

"Na wewe ulilala?"

"Mie nimezoea."

"Mangapi umeyazoea na goti jipya hata mwezi halijatimiza? Umempa na nani mwingine?"

Akanitajia. Mgongo wa Polikarpo. Kichwa cha muuza maziwa. Mama mmoja wa Yombo ambaye hata hakuwa anaumwa, alitaka akiba. Kila mgeni aliyeingia na maumivu yake alitoka bila maumivu, na mwenye goti akawa anameza kimoja akikumbuka, au hamezi.

"Unanitazama hivyo kwa nini?" akasema. "Mtu kaacha kazi zake kaja kunijulia hali. Namwona anaumwa, dawa iko chini ya godoro langu. Nimwambie nini? Pole na wewe?"

"Mwambie aende kwa daktari wa meno."

"Dada, mie naondoka," Najat akasema, lakini hakuinuka.

"Kaa, Najat, usikie na wewe. Wifi, jioni unapiga kelele majirani wanadhani nakuchinja, kumbe dawa yako umeigawa kama sadaka ya Ijumaa. Mgongo wa Polikarpo unakunjika. Jino la Najat limetulia. Goti peke yake ndilo halina habari kama kuna dawa mjini. Haya, utalazwa usingizi wako ule, na Polikarpo atakuja kukutazama, ameinama vizuri."

Najat alicheka, akashika shavu. Mwanaheri hakucheka. Lile la usingizi lilimwingia. Akatazama dari kidogo, kisha akapeleka mkono chini ya godoro, akatoa vidonge vyote vilivyobaki, akanipa.

"Funga wewe. Mie siwezi kumtazama mtu usoni nikamnyima."

Nikavifunga kwenye pindo la khanga yangu. Mie naweza.

Hapo nikafanya la pili, nikadhani nina akili. Nikafunga mlango. Kila aliyebisha nikamwambia mgonjwa kapumzika, njoo wiki ijayo. Siku ya kwanza watu walielewa. Ya pili wakaanza kusema Tandika nzima kwamba namfungia wifi yangu ndani, hajulikani yu hai au vipi. Na Mwanaheri, niliyekuwa namtafutia nafasi ya kufanya mazoezi, akageukia ukutani. Chakula anadokoa. Dawa anameza kwa saa, ndiyo, lakini mguu haugusi. Akiwa na watu alisikiliza habari za watu. Alipobaki peke yake na goti, akabaki kulisikiliza goti.

"Mfungulie dada yangu watu wake," Salumu akaniambia mezani.

"Watamuua kwa mito."

"Bora mito."

Nilikuwa bado nabishana naye kesho yake asubuhi alipotokea Bi Tabu binti Kondo. Huyu ndiye somo yake Mwanaheri, ndiye aliyemfunda alipokuwa mwari, na sasa amezeeka hata kope zimekuwa nyeupe. Bi Tabu haambiwi mgonjwa kapumzika. Aliingia, akavua ndala, akakaa kwenye mkeka wa sebuleni, akakunja miguu yake upande kama msichana.

"Mwambie aje nimwone," akasema.

"Yuko kitandani, bibi. Karibu chumbani."

"Mie sikai juu ya kitanda cha mgonjwa. Mwambie aje."

Nilikwenda kumwambia nikijua jibu. Mwanaheri alikuwa amekwisha kaa, anatafuta ushungi. Dawa yake ya asubuhi nilimpa na uji muda si mrefu, ilikuwa imeshika. Akachukua kile chuma chake cha kutembelea chenye miguu minne, akaja nacho sebuleni kishindo baada ya kishindo, akajitupa kwenye kiti. Mguu akaunyoosha mbele, kama alivyozoea.

Sasa yeye yuko kitini, Bi Tabu yuko chini, na unyayo wa Mwanaheri umemwelekea somo yake usoni kabisa.

Bi Tabu aliutazama tu ule unyayo, kama mtu anavyotazama mende kwenye ukuta wa wenyeji.

Mtu wa kwetu akilelewa hawezi. Kumnyooshea mkubwa wako mguu usoni ni sawa na kumtemea mate. Nilimwona Mwanaheri anashika kiti kwa mikono miwili, jasho linamtoka juu ya mdomo, anauvuta mguu. Ukaja kidogo. Akapumua, akauvuta tena. Bi Tabu akaanza habari za msiba wa Kijichi, taratibu, bila haraka, na kila mguu ulipoanza kuteleza kwenda mbele aliacha kuongea akautazama, nao ukarudi. Sijui kama alikusudia. Sikumuuliza, na hata ningemuuliza asingenijibu.

Aliposema anaaga, Mwanaheri naye akainuka.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Somo yangu aondoke mlangoni kama muuza samaki? Namsindikiza."

Akamsindikiza mpaka uwanjani, wote wawili mwendo mmoja, mmoja kwa uzee na mmoja kwa chuma. Aliporudi alikuwa amelowa jasho kama katoka mtoni. Nikamwekea ukwaju wake juu ya goti, akalala mpaka adhuhuri bila kugeukia ukutani.

Mie sikulala. Nilikaa gengeni nikafikiri.

Kesho yake nikafungua mlango, ila kwa masharti yangu. Wageni asubuhi tu, dawa ikishashika. Chumbani haingii mtu. Mgonjwa kitini sebuleni, mkeka mbele yake. Na nikagundua si kila mgeni anafaa. Mbele ya Najat, Mwanaheri ananyoosha mguu mpaka umguse sikio na haoni haya. Nilitaka wenye heshima zao. Nikampata mke wa sheikh. Nikampata mwalimu wa madrasa, mzee wa watu, anayekaa kama ubao. Mzee Polikarpo nilimpa mstari wa mbele kabisa, maana ana dhambi ya kufidia. Alikuwa anakaa kofia mapajani, kamkazia macho Mwanaheri kama anakagua wafungwa, na ule mguu haukuthubutu. Wakiondoka wote wanasindikizwa: uwanjani, kisha mpaka kwa fundi baiskeli, kisha mpaka barabarani. Chuma cha miguu minne kikaachwa, ikaja fimbo.

Kuuma kuliuma, nisidanganye mtu. Jioni goti linapata moto, linavuta, hapati upande wa kulalia. Lakini sasa dawa inakwenda panapouma, na asubuhi goti linaanza pale lilipoishia jana badala ya kurudi nyuma.

Nilidhani najua kuficha. Jioni moja namfunga barafu, akaniambia:

"Wewe mwanamke, unadhani sioni mkeka unavyosogea? Siku ya kwanza ulikuwa karibu na mlango. Leo Polikarpo nusura aweke kidevu juu ya goti langu."

"Sebule ndogo."

"Sebule ile ile. Mie nimekalisha wageni kwenye shughuli za watu tangu wewe unanyonya. Unapanga vibaya. Mke wa sheikh nimemzoea, Polikarpo namjua mpaka soksi. Kesho kutwa mwite mama mkwe wa Anwar."

"Yule wa Magomeni? Yule aliyesema pilau la harusi lilikuwa na chumvi?"

"Huyo huyo. Nikimnyooshea huyo mguu, ndoa ya mwanangu imekwisha."

Tulicheka mpaka barafu zikaanguka.

Mkwe akaja, kajifukiza udi, kajaza mkeka peke yake. Mwanaheri alikuwa amemeza dawa yake kwa saa, amekaa kitini kama bibi harusi. Walipoanza tu salamu nikamwona anauvuta mguu. Ukafika pale unapokomeaga, ukasimama. Mkwe akasogea mbele ampe mkono. Mwanaheri akauvuta tena, uso ukamgeuka rangi, machozi yakamshuka mashavuni mstari mmoja mmoja, na mie nilikuwa mlangoni na sinia la chai nikaona kisigino kinapita mguu wa kiti, kinaingia chini, kinakaa.

Mkwe akadhani mwenzake analia kwa furaha ya kumwona. Naye akalia. Wakashikana mikono, wakasameheana mpaka ile chumvi.

Ahadi ya hospitali ilipofika, Mwanaheri hakula asubuhi. Njia nzima anasoma dua, vidole vinakwenda. Kinachowezekana sebuleni kwangu mbele ya mkwe, atakiweza kule mbele ya mtu wa makoti meupe? Hata mie nilikuwa nimeshika lile pindo la khanga bila sababu. Kabla hatujaitwa nikamfungulia kidonge chake. Bibi mmoja kwenye benchi akakitazama, akaanza kusema habari za kiuno chake. Mwanaheri akakimeza haraka.

Felicitas akamkalisha kwenye kiti, akachuchumaa mbele yake.

"Haya, bibi. Vuta."

Mwanaheri akamtazama yule binti aliyechuchumaa miguuni pake, na nikajua anachofikiri: huyu mdogo, huyu hata shikamoo kaniamkia yeye. Kwa sekunde mguu haukwenda popote.

Kisha akashika kiti, akauvuta. Hakukuwa na mkwe wala somo wala mke wa sheikh. Aliuvuta mwenyewe, polepole, meno kayauma, na kisigino kikaenda mpaka chini ya kiti kikakaa.

Felicitas akaweka kipimo chake cha pembe, akakitazama, akapima tena.

"Nani alikuwa anakufanyisha mazoezi?"

"Nilikuwa na wageni."

Akanigeukia mie.

"Alikuwa na wageni," nikasema.

"Basi waendelee kuja." Akainuka, akajipangusa magoti. "Kigoda hapana tena, bibi. Upike umesimama."

"Nitainua mafiga. Salumu atanijengea, tangu kile kiti cha choo anajiona fundi." Akaikamata fimbo yake. "Kwa hiyo silazwi?"

"Hulazwi."

"Usingizi hakuna?"

"Wa kwako mwenyewe tu, nyumbani."

Akashukuru Mungu, akamshukuru Felicitas, mie akanipita kwenda mlangoni.

Kurudi tulikodi gari ya Didas, kijana mmoja wa teksi. Tulipofika Tandika sokoni Mwanaheri akamwambia simama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema watu watakuja leo kutaka habari, hawezi kuwapa chai kavu, na nazi nilizonazo mie gengeni zimekauka, aibu tupu. Akashuka na fimbo yake. Akaanza kuchagua nazi: anaitingisha sikioni, anairudisha, anaokota nyingine, anamuuliza muuzaji kama hizi kazichuma au kazifukua. Muuzaji akamwambia mama, chagua upesi. Akamjibu kwamba ana siku nzima na magoti mawili.

Alikuwa hajamaliza fungu la kwanza. Mie miguu ilikuwa inaniwaka moto tangu hospitali. Nikatafuta gunia la viazi la mtu, nikakaa juu yake, nikamsubiri.